Betri Zilizoanikwa Kisimani

Palikuwa na nchi, na mpaka sasa ipo palepale, kwa kuwa haijapata pa kuhamia. Jina lake tuliache. Wenyewe wanajijua, na jirani zao wanadhani wanasemwa wao.

Nchi hiyo ilikuwa na wizara ya kila kitu. Kulikuwa na Wizara ya Mvua, iliyofanya kazi ya kukanusha ukame. Kulikuwa na Wizara ya Barabara, ambayo ofisi yake ilifikiwa kwa miguu. Na kulikuwa na Wizara ya Mazingira, Usafi na Harufu, chini ya Mheshimiwa Daktari Kitunga, mtu mnene wa sauti na mwembamba wa habari.

Mwaka mmoja Mheshimiwa Kitunga alikwenda mkutanoni katika nchi ya baridi. Akakaa siku tisa. Siku nane alikuwa na mafua, siku ya tisa akahudhuria. Akarudi na mafaili mawili, koti, na uso wa mtu aliyeona mambo. Papo hapo uwanja wa ndege akatangaza kwamba taifa limechelewa: wenzetu wana sheria ya vitu hatari vilivyomo ndani ya vifaa vya umeme, na huko kifaa kikifa hakitupwi, kinarudishwa kiwandani kikazaliwa upya.

Bunge likaipitisha sheria hiyo kabla ya chakula cha mchana, neno kwa neno, pamoja na kifungu cha ishirini na mbili kinachokataza kuacha friji bovu kwenye theluji. Kifungu hicho kimeheshimiwa mpaka leo. Hakuna raia hata mmoja aliyewahi kukivunja, na kila mwaka Wizara hukitaja katika taarifa ya mafanikio. Vifungu vilivyobaki vilihitaji kiwanda. Kiwanda hakikuwapo, lakini sheria haikusema kiwepo lini.

Saa saba mchana Redio ya Taifa ikasoma majina ya vitu vilivyokatazwa: risasi, zebaki, kadimi, na vingine ambavyo msomaji alivipita kwa kukohoa. Watu wa Mtaa wa Kisimani walisikiliza mpaka mwisho, wakapiga makofi, kisha wakaulizana vitu hivyo vitagawiwa lini.

*

Katika mtaa huo aliishi Bi Siwema binti Mfaki, mjane, aliyesoma mpaka darasa la tatu akaacha kwa sababu la nne lilikuwa mbali. Nyumbani kwake palikuwa na ghorofa ya televisheni. Chini kabisa ilikaa ile ya kichogo ya marehemu mumewe, iliyotangulia kufa kabla ya mwenyewe. Juu yake nyingine ya kichogo, ya rangi, iliyopigwa na radi. Na juu ya hizo mbili ndiyo iliyokuwa ikionyesha, nyembamba kama sinia, isiyoweza kusimama bila wazee wake. Kila moja ilivikwa kitambaa cha kufuma, kwa kuwa Bi Siwema hakuona kwa nini kitu kikifa kivuliwe nguo.

Wala hakuwa peke yake. Katika nchi ile hakuna aliyetupa kitu cha umeme. Pasi iliyoungua ilizuia mlango. Friji bovu lilitunza nguo za sikukuu. Simu iliyokufa aliachiwa mtoto mchanga aitafune. Na betri, hizi za redio na tochi, hizo hazikuaminika kabisa kwamba zimekufa. Betri ikinyamaza ilianikwa juani siku tatu, ikagongwagongwa, ikarambwa kwa ncha ya ulimi, na ikichonyota ilirudishwa kazini. Watu walioiona betri moja ikifufuka mara nne si rahisi kuwaeleza habari za mwisho wa matumizi.

Siku gari la Wizara lilipoingia mtaani, watu walikimbia wote, maana gari la serikali halikuwahi kuja kuacha kitu. Bi Siwema hakukimbia. Mikono yake ilikuwa ndani ya unga mpaka kwenye viwiko. Akashuka Bwana Zubeiri, Afisa wa Vitu Hatari, kijana wa suruali iliyonyooka, akampa mkono, akaona wa Bi Siwema ulivyojaa unga, akaurudisha wake mfukoni.

"Hongera, mama," akasema. "Mtaa mzima, wewe peke yako ndiye uliyejitokeza."

"Sikujitokeza, baba. Nilikuwa hapahapa nakanda."

"Huo ndio uzalendo tunaoutafuta."

Papo hapo akateuliwa Balozi wa Taka Hatari wa Mtaa. Akapewa kizibao cha njano kinachong'aa, filimbi, na daftari lenye kalamu iliyofungwa kwa kamba ili isiibiwe na Balozi.

Sasa, kweli isemwe: Bi Siwema alijivuna. Aliwaambia watu kwamba cheo kwake si kitu, na watu walimsikia vizuri kwa sababu alisema kwa filimbi mdomoni. Kizibao alikivaa sokoni. Alikivaa kwenye mazishi ya shemeji yake, mpaka waombolezaji wawili wakamuuliza waegeshe wapi baiskeli zao. Akawaonyesha.

*

Juma la pili Bwana Zubeiri akarudi na fomu ya kuchagua Kituo cha Kukusanyia. Safari hii watu walikusanyika, kwa kuwa alikuja na kreti mbili za soda.

"Kituo kiwe mahali tambarare," akasoma. "Pawe na sakafu ngumu. Pawe mahali ambapo wananchi hupita kila siku, ili wahamasike. Balozi, hapa kwenu watu hupita wapi kila siku?"

"Kisimani, baba," akasema Bi Siwema, haraka kama mwanafunzi anayetaka kusifiwa. "Tena pana sakafu ya saruji, nzuri, imenyooka."

"Kisimani," akaandika Bwana Zubeiri.

Kisima hicho ndicho kilichoupa mtaa jina. Kilikuwa kimoja, chenye maji matamu ambayo hata watu wa mitaa mingine waliyafuata kwa ajili ya wagonjwa wao. Kikiondoka hicho, maji mengine yalikuwa Mtombali, mwendo wa saa mbili kwenda na tatu kurudi, kwa sababu ya mzigo.

Akasimama Mwajabu. Huyu alikuwa jirani wa Bi Siwema, ukuta kwa ukuta, shoga yake wa miaka thelathini, mfuga bata, na ulimi wake haukupata kuanikwa hata siku moja, haukuhitaji.

"Siwema," akasema, "hebu nieleze mimi mjinga. Hivi vitu si redio imesema vina sumu ndani?"

"Vilikuwa na sumu, Mwajabu. Sasa imekatazwa."

"Imekatazwa."

"Na Bunge. Wewe hukusikia? Sumu ikishapigwa marufuku na Bunge zima, itapata wapi nguvu?"

Watu wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Bwana Zubeiri naye alitikisa, na yeye alikuwa na shahada. Mwajabu akamtazama shoga yake kuanzia filimbi mpaka kandambili.

"Haya, Mheshimiwa Balozi," akasema, akaketi. "Mimi nilikuwa nauliza tu. Nipitishieni ile soda ya chungwa."

Chini ya fomu palikuwa na mstari: *Mmiliki wa taka*. Bwana Zubeiri alisema ni sehemu ya heshima. Bi Siwema akaandika jina lake lote, na la baba yake, na la babu yake, mpaka mstari ukaisha.

*

Mwezi wa kwanza hakikuletwa kitu. Balozi alipita nyumba kwa nyumba akipiga filimbi, na kila nyumba ikamwambia kitu kilekile: hakijafa, kimepumzika. Wengine walimuuliza habari za ghorofa yake mwenyewe. Hapo alisema kwamba zile si taka, zile ni samani, akaenda zake mbiombio.

Ndipo Wizara ikatangaza kwamba mtaa utakaoshinda kwa uzito utatembelewa na Waziri mwenyewe. Nchi ile ilipenda sana kutembelewa. Pasi zikaondoka milangoni, milango ikabaki ikijipigapiga. Nguo za sikukuu zikatolewa kwenye friji. Mitaa ya jirani, iliyojua haiwezi kushinda, ikatupa vyake usiku na mchana kwenye kituo cha Kisimani. Mwishowe yakaja malori matatu ya Wizara yenyewe, yakamwaga kompyuta, printa na mashine za kurudufia, kwa sababu Wizara ya Mazingira nayo ilikuwa na mazingira yake ya kusafisha. Bi Siwema aliviandika vyote. Nambari mia nne na moja aliandika: *kidude cha kijani, kina waya na vichupa, kazi yake haijulikani.*

Na betri zikaja ndoo kwa ndoo.

Hapa ndipo kosa lilipoingia, na liliingia kwa mlango wa uaminifu. Daftari lilikuwa na safu iliyoandikwa: *Nathibitisha kwamba kifaa hiki kimekufa.* Kwa televisheni iliyopasuka kioo Bi Siwema alitia sahihi bila wasiwasi. Lakini betri? Atathibitishaje kifo cha betri ambayo haijaanikwa?

"Mimi sitaki nikaulizwe ahera," akawaambia wanawake waliokuja kuteka maji. "Niliandika imekufa, kumbe ilikuwa inataka jua tu."

Akazimwaga zote kwenye sakafu ya kisima, sehemu pekee mtaani yenye jua kutwa nzima. Akazipanga kama dagaa, betri elfu mbili na ushei, nyingi zimevimba na kutoka usaha mweupe ubavuni. Asubuhi alizigeuza upande wa kulia, alasiri upande wa kushoto. Wanawake waliziruka na ndoo zao. Wengine walimsaidia kugeuza, kwa kuwa mikono ilikuwa haina kazi wakati wa kungoja foleni. Hakuna aliyeona ajabu. Ajabu ingekuwa kuziacha bila kuzianika.

Siku ya tatu, betri zikiwa karibu kuthibitishwa, mvua ikanyesha. Wizara ya Mvua haikuwa imetoa taarifa, maana hapakuwa na ukame wa kukanusha. Ikanyesha siku nne. Ule usaha mweupe ukalainika, ukaungana na maji ya rangi ya chai ya juzi yaliyotoka chini ya lundo la kompyuta, yote yakatelemka taratibu kwenye sakafu ile nzuri, iliyonyooka, mpaka kwenye mdomo wa kisima.

*

Siku ya tano tangu mvua ianze, Mwajabu alikuja kwa Bi Siwema bila hodi. Alikuwa amebeba ungo, na ndani ya ungo bata sita wamelala shingo upande.

"Wamekunywa maji ya kisima," akasema.

Bi Siwema akawatazama. Akasema jambo la kwanza lililomjia, na hilo ndilo lililomwaibisha zaidi miaka yote iliyofuata. Alisema, "Umewaanika?"

Mwajabu akauweka ungo chini. Aliteka kikombe cha maji kutoka mtungi wa Bi Siwema mwenyewe, akamsogezea mdomoni. "Gusa kwa ulimi, Balozi. Wewe si mtaalamu wa kuramba?"

Bi Siwema akagusa. Maji yakachonyota ulimi.

Hapo alielewa. Hakuelewa kadimi wala zebaki. Alielewa kwamba kisima kimegeuka betri moja kubwa, na kwamba aliyekichaji ni yeye. Akatema, akamwaga mtungi, akatoka kwenda kuwazuia wanawake wasiteke. Safari hii filimbi ilikuwa na kazi ya kweli, nayo ikagoma kulia, maana ilikuwa imejaa unga. Akapiga kelele kwa mdomo.

Tangu siku hiyo mtaa uliteka Mtombali. Wajawazito walikwenda Mtombali. Vikongwe walikwenda kwa kupumzika njiani, wakafika na nusu ndoo. Na Mwajabu akaacha kusema na Bi Siwema. Kwa ulimi kama ule kunyamaza, ilikuwa ni kama mtaa umezimiwa redio.

*

Bi Siwema akavaa baibui lake jeusi, kizibao akakiacha msumarini, akaenda wilayani kwa miguu kuomba lundo liondolewe. Alimkuta karani mmoja, mzee wa miwani iliyofungwa uzi, aliyekuwa akitoboa karatasi moja baada ya nyingine na kuzitia kwenye faili lisilo na jina.

"Kwanza tuthibitishe kama maji yana sumu," akasema karani. "Lazima yapimwe. Taifa lina kipimo kimoja."

"Kiko wapi, baba?"

Karani akafungua rejista. "Kiliharibika, kikapelekwa na malori ya Wizara katika kituo cha… Kisimani. Ni kidude hivi cha kijani, kina vichupa."

Bi Siwema akafumba macho. "Nambari mia nne na moja," akasema.

"Umekitunza? Vizuri sana."

"Basi vitu vyenyewe, baba. Visogezwe tu kutoka pale kisimani."

"Kusafirisha vitu hatari kunahitaji kibali. Kibali hupewa mmiliki. Mmiliki ni nani?"

"Mimi."

"Basi jipe pole, kwa sababu mmiliki lazima awe na gari maalumu lenye alama ya fuvu, dereva aliyesoma nje, na kiwanda cha kupelekea." Akatoboa karatasi nyingine. "Bibi yangu, mimi nina miaka ishirini na tisa kwenye kiti hiki. Vitu kama hivyo huondoka kwa njia mbili. Kiwanda kijengwe, au itokee jinai."

"Jinai gani?"

"Mtu ashtakiwe kwa kutia sumu. Hapo vyote vinakuwa vielelezo vya kesi, polisi wanavibeba siku hiyohiyo, hata kama ni mlima. Kwa kesi wana haraka sana."

"Na huyo mtu hupatikanaje?"

"Hapatikani," akasema karani. "Lazima akiri mbele ya mashahidi. Nchi hii, bibi, nani amewahi kukiri kitu? Hata fomu yake sijapata kuiona."

*

Mtaa wa Kisimani ukashinda. Ulipita wa pili kwa tani sita.

Siku ya Waziri wakajenga jukwaa kando ya lundo, wakalipaka lundo chokaa upande unaoonekana. Ngoma zikaja, kwaya ikaja, na msafara wa magari kumi na manne ukaja ukitoa moshi mpaka kwaya ikaimba ubeti wa kwanza kwa kukohoa. Mheshimiwa Kitunga alikuwa amevaa lile koti la nchi ya baridi. Jasho lilimtoka kama ameoshwa, lakini hakulivua, kwa sababu lilikuwa sehemu ya hotuba.

"Ndugu wananchi!" akanguruma. "Walisema hatuwezi! Nani alisema? Hatuna muda wa kumtafuta! Leo dunia inakuja kujifunza Kisimani! Taka zilizokuwa zimezagaa nchi nzima sasa ziko mahali pamoja, na mahali penyewe ni penu! Tumeichukua sumu iliyotawanyika, tumeipa anwani!"

Makofi. Chupa ya maji yaliyotoka ng'ambo ikafunguliwa, akanywa.

"Namwita Balozi wetu, mama shupavu, apokee cheti, na atusalimie!"

Bi Siwema akapanda. Kwa siku tatu alikuwa amejitungia maneno mawili, ya kushukuru na ya kukiri, na hakuwa ameamua. Tusimpambe: cheti kilikuwa kizuri sana. Kilikuwa na utepe, na jina lake kwa herufi za dhahabu, na kwa nukta kadhaa alikwisha kuona mahali kitakapotundikwa. Kisha akatazama chini. Mwajabu alikuwa mstari wa mbele, ndoo kichwani, ametokea Mtombali, hakupewa hata nafasi ya kuitua. Hakuwa anamtazama Bi Siwema. Alikuwa anatazama kisima.

Bi Siwema akakishika kipaza sauti kama mtu anavyomshika kuku asiyemwamini.

"Hamjambo nyote," akasema. "Mimi naitwa Siwema binti Mfaki. Maji ya kisima hiki yana sumu, na aliyeitia ni mimi."

Mpiga ngoma mmoja, aliyezoea kwamba kila sentensi hufuatwa na ngoma, akapiga mara moja, akaacha.

"Niliambiwa nichague mahali, nikachagua hapa ili nisifiwe. Nikaanika betri elfu mbili kwenye sakafu ya kisima ili niwe mkweli. Bata sita wamekufa. Watoto hawajafa kwa sababu bata waliwahi. Nimekosa. Nikamatwe."

"Mama anatania," akasema Waziri kwa kicheko kikubwa. "Akina mama wetu wana utani."

"Sina utani, Mheshimiwa. Utani anao yule pale," akamwonyesha Mwajabu, "na ameuacha tangu bata wafe."

Bwana Zubeiri alikuwa anapekua fomu zake kwa mikono miwili. "Hakuna mahali pa kukiri," akanong'ona. "Pana *Mengineyo* tu."

Lakini Mkuu wa Polisi wa Wilaya alikuwa pale, na kwa miaka saba alikuwa hajapata mtuhumiwa aliyemrahisishia kazi kiasi hicho, tena mbele ya mashahidi elfu moja na Waziri. Akapiga saluti, akamtia Bi Siwema pingu kwa heshima, akaagiza malori. Kabla jua halijatua lundo lote lilikuwa limebebwa, kompyuta, friji, betri moja moja, mpaka chokaa iliyodondoka ilifagiliwa ikatiwa kwenye mfuko ulioandikwa *Kielelezo*.

*

Mahakama ya wilaya ilikuwa na chumba kimoja na ua mdogo. Siku ya kesi Hakimu alifika kitini pake kwa kupita ubavu kati ya mashine mbili za kurudufia. Mwendesha mashtaka alisimama mguu mmoja juu ya feni. Vielelezo vingine vilikuwa uani, kwenye ngazi za mlangoni na chooni, na watu wa mahakama walikuwa wiki ya tatu wanakwenda haja zao posta.

"Mheshimiwa," akasema mwendesha mashtaka, akipigwa na harufu, "Serikali imetafakari kwa huruma. Mshtakiwa ni mtu mzima, mjane, na alitenda kwa nia njema. Serikali inaondoa mashtaka. Tunaomba awe huru, na vielelezo vyote virudishwe leo hii kwa mmiliki wake halali."

"Mmiliki ni nani?" akauliza Hakimu, uso umemfunguka.

"Ni yeye mwenyewe, Mheshimiwa. Imeandikwa. Mpaka jina la babu yake limo."

"Basi mahakama inakuachia…"

"Haiwezekani!" akasema Bi Siwema.

Askari akamvuta nguo. Hakimu akashusha miwani. "Bibi, umeelewa? Umeachiwa. Nenda nyumbani."

"Nimeelewa, mwanangu. Mimi naenda nyumbani na hivi vinakuja nyuma yangu. Vitakaa wapi? Pale pale kisimani, maana ndiyo anwani niliyoiandika. Uhuru huo siutaki. Mimi ni mkosaji."

"Serikali inasema huna kosa."

"Serikali ilikuwepo nikigeuza betri? Upande wa kulia asubuhi, wa kushoto alasiri! Nani anayajua makosa yangu kuliko mimi?" Akashika kizimba kwa mikono yote miwili. "Nihukumu, baba. Usinionee."

Hakimu alikuwa mtu wa kanuni, na pia alikuwa hajakaa vizuri kwa wiki tatu. Akafungua kitabu, akasoma kwa muda, kidole kikitembea. Akakohoa.

"Mshtakiwa asiyekubali kuachiwa," akasema polepole, "hawezi kulazimishwa kuwa mwema. Mahakama inakutia hatiani. Na kwa kuwa umetiwa hatiani, vitu ulivyotumia kutenda kosa vinataifishwa. Kuanzia sasa mmiliki wa taka hizi ni Serikali."

"Serikali ipi, Mheshimiwa?" akauliza mwendesha mashtaka kwa hofu.

"Hii hii iliyopo. Zipelekwe uani kwa Wizara."

Zikapelekwa, zikamwagwa chini ya dirisha la Mheshimiwa Kitunga. Wiki hiyo hiyo Mheshimiwa aligundua kwamba nchi jirani ina kiwanda cha kuvunjavunja vifaa vya umeme, na kwamba kimekuwepo kwa miaka kumi na mmoja.

"Adhabu," akaendelea Hakimu siku ile pale mahakamani. "Mfungwa atakitoa kisima chake maji yote na tope lote, mpaka mwamba uonekane, mara tatu, chini ya ulinzi. Atayamwaga kwenye mapipa ya Wizara. Una la kusema?"

"Nashukuru sana," akasema Bi Siwema, na ukumbi mzima, kutoka nyuma ya mafriji, ukapiga vigelegele. Haikuwahi kutokea mtu kushangiliwa hivyo kwa kushindwa kesi.

*

Siku ya kwanza ya kifungo alifika kisimani alfajiri, na askari mmoja aliyebeba bunduki na kiti. Kisima kilikuwa kirefu kuliko alivyodhani kwa miaka yote aliyokuwa akikisifu. Akashusha ndoo, akavuta, akamwaga kwenye pipa. Akashusha, akavuta. Kufika ndoo ya ishirini mgongo ulikuwa unasema naye, na maji hayakupungua hata unene wa kidole. Mara tatu, alisema Hakimu. Bi Siwema akapiga hesabu ya umri wake, akaona hazilingani.

Akasikia kandambili zikiburuzwa. Akamjua mwenyewe kabla hajageuka. Mwajabu alikuwa amesimama na ndoo yake na kamba mpya, kanga amejifunga kibwebwe. Nyuma yake kulikuwa na mwanamke mwingine, na mwingine, foleni nzima ya Mtombali imegeuza njia.

"Hairuhusiwi," akasema askari akiinuka kitini. "Kifungo ni cha mtu mmoja. Nyinyi hamna kosa."

"Nani kakwambia hatuna?" akasema Mwajabu. "Zile betri mimi nilizigeuza safu mbili, nikingoja zamu. Kaandike."

Askari akatazama foleni, akatazama mapipa, akaketi. Mwajabu akasogea mdomoni mwa kisima, akasimama bega kwa bega na Bi Siwema, akashusha kamba bila kumtazama. Likawa neno lake la kwanza kwake baada ya wiki tisa.

"Usidhani nimekuja kukusaidia," akasema. "Nimekuja kuhakikisha unafungwa vizuri."

"Haya, shoga."

"Bata sita, Siwema."

"Sita, shoga."

"Basi inama. Ndoo yako imejaa nusu."